Sura ya Sita: Damu Imefika Mia Tano

Barabara ya TANZAM inapofika Tunduma inakuwa imebeba kila kitu: shaba ya Kongo na Zambia inayoshuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na bidhaa zinazopanda kuelekea Lusaka na Lubumbashi, mabasi yanayochepuka kwenda Sumbawanga, na bodaboda zinazopenya katikati ya matela. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu laki mbili katika mji huu, zaidi ya maradufu ya wale wa 2012. Ajali ikitokea hapa, au kule kwenye mteremko wa Senjele ukielekea Mbeya, timu ya kwanza ya dharura haivai sare. Ni utingo aliyeruka kutoka lori la nyuma, mwendesha bodaboda, mama lishe aliyeacha sufuria motoni, na trafiki mmoja anayepiga filimbi huku akitafuta gari la kusimamisha.

Baada ya hao kuna wengine. Muuguzi wa zahanati au kituo cha afya, tabibu wa zamu, dereva wa gari la wagonjwa, mapokezi ya hospitali ya wilaya au ya mji, pengine Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe kule Vwawa, na hali ikiwa mbaya zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mwendo wa kilomita zaidi ya mia moja kutoka mpakani. Hawa wote ni timu moja, ingawa hawajawahi kukaa chumba kimoja na wengi wao hawajuani hata majina. Mmoja ana miaka ishirini na tano kazini; mwingine alipata leseni juzi; mwingine hana mafunzo yoyote ila roho nzuri na pikipiki.

Tukizungumzia huduma za dharura nchini, mazungumzo huenda haraka kwenye vifaa na majengo, na si bila sababu. Sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa 2021 ilijenga majengo ya dharura, yale ambayo wafanyakazi huyaita EMD, katika hospitali nyingi ambazo awali mgonjwa mahututi alipokelewa dirisha lilelile la mwenye mafua. Hiyo ni hatua kubwa. Kabla ya Januari 2010, Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura, Tanzania haikuwa na idara kamili ya namna hiyo hata moja. Lakini jengo halimfundishi mtu kusema. Sura hii inahusu kile kinachopita kati ya mkono mmoja na mwingine, yaani maneno, na hoja yangu ni kwamba jukumu la kuyafungulia njia ni la mkubwa wa zamu kuliko la mdogo wake.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo Tunduma inapotofautiana na Singida au Lindi. Ukivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kiliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, lakini hakikuunganisha majira yao. Dereva aliyebanwa mguu upande wa Zambia saa mbili asubuhi ya kule ameumia saa tatu ya huku. Karatasi yake itasema 08:00, saa ya ukutani Tunduma itasema 09:00, na aliyemleta atasema saa mbili au saa tatu kutegemea alikolala. Kwa mtu aliyefungwa kitambaa cha kubana damu mguuni, saa hiyo moja si jambo dogo: kadiri kitambaa kinavyozidi saa mbili, ndivyo hatari ya kuupoteza mguu inavyopanda.

Wala huhitaji kuvuka mpaka ili saa ikuchanganye. Tuchukue mfano, ambao nimeutunga ila haukosi wenzake. Msichana mjamzito anaanza degedege la kifafa cha mimba katika zahanati moja ya bonde la Momba. Muuguzi aliye peke yake anampa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kama alivyofundishwa: gramu nne mshipani taratibu, gramu kumi kwenye misuli, tano kila tako. Anaandika kwenye karatasi ya rufaa: "Amepewa MgSO4 saa 2." Gari linapatikana kwa tabu, njia ina tope, na mgonjwa anafika hospitali saa tisa usiku. Anayempokea ni kijana aliyezoea saa za kompyuta. Anasoma saa 2 kama 02:00, anaona dozi ina saa moja tu, anasubiri. Kumbe ilitolewa saa mbili usiku, saa saba zilizopita, na dozi ya kuendeleza, ambayo hutolewa kila baada ya saa nne, imeshapitiliza. Msichana anapata degedege tena. Na ingekuwa karatasi haijaandika dawa kabisa, mpokeaji angeweza kurudia dozi nzima ya kuanzia. Magnesiamu ikizidi mwilini huondoa mrusho wa goti, kisha hupunguza kupumua, kisha hukatisha.

Katika mfano huu hakuna mzembe. Muuguzi wa zahanati alifanya kazi ya watu watatu, na aliyepokea alisoma kilichoandikwa. Dawa ya mkanganyiko huu ni ndogo kiasi cha kuchekesha: andika "saa 2 usiku, 20:00", na mdomoni taja muda uliopita, si saa ya ukutani. "Dozi ya kuanzia ina saa saba tangu itolewe." Sentensi hiyo haina Zambia wala Tanzania, haina mchana wala usiku.

Ndiyo maana naupenda mfumo wa m-mama, hata nikiondoa matangazo yote yanayouzunguka. Ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na tarehe 6 Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uende nchi nzima. Watu wengi wanausifia kwa sababu ya usafiri: muuguzi au ndugu anapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali, dereva wa kawaida wa kijiji aliyesajiliwa anamchukua mama au mtoto mchanga na kulipwa kwa simu akimfikisha. Usafiri ni nusu tu ya maarifa yake. Nusu ya pili ni yule mratibu anayepokea simu. Anauliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, awe anaongea na mkunga mzoefu au na mhudumu anayetetemeka. Majibu ndiyo yanayoamua mgonjwa aende kituo cha ngazi gani, na kituo hicho kinajulishwa kabla gari halijafika. Mpiga simu hahitaji kujua kupanga maneno, maswali yamempangia.

Vifo vya uzazi nchini vilihesabiwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Wanaoipa m-mama sifa yote ya anguko hilo wanakosea, maana utafiti wa 2022 ulifanyika mfumo ukiwa bado haujaenea. Ila mfumo umeonyesha kitu kimoja ambacho huduma nyingine hazijakichukua. Dereva wa lori aliyepasuka bandama pale Mpemba hana 115 yake. Kuna 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto, lakini katika hali halisi watu humpigia mtu wanayemfahamu: "Dokta, kuna mtu tunamleta, yuko vibaya." Yuko vibaya vipi? Anapumua? Ametoka damu kiasi gani, saa ngapi zilizopita? Simu imeshakatwa.

Kwa simu za namna hiyo wahudumu wa afya duniani wana utaratibu wa vipande vinne: hali ilivyo sasa, ilikotoka, unavyoiona wewe, na unachotaka kutoka kwa unayempigia. Kipande cha nne ndicho kinachosahaulika kwetu. Tunaeleza vizuri, tunatoa pole, tunamaliza na "basi, ndiyo hivyo Dokta". Daktari anajibu "sawa, endeleeni", na kila mmoja anakata simu akiamini mwenzake amechukua hatua. "Naomba uje sasa hivi" si utovu wa adabu.

Sasa tuingie chumbani. Ni chumba cha kujifungulia, saa nane usiku. Yuko mkunga mwenye miaka ishirini kazini, ambaye wote wanamwita Sista Mkubwa. Yuko muuguzi aliyeajiriwa mwaka jana, kijana anayejitolea huku akisubiri ajira, na mhudumu. Tabibu wa zamu yuko jengo la pili. Mtoto ametoka, analia vizuri. Yule muuguzi mpya anaona khanga iliyo chini ya mama inazidi kulowa. Anamtazama Sista Mkubwa, ambaye ameinama anashughulika na kondo. Sista hajashtuka. Basi huenda ni kawaida. Dakika mbili zinapita kabla hajasema, na anaposema anasema hivi: "Sista, naona kama mama anatoka damu kidogo."

Hebu isikilize sentensi hiyo. "Naona kama." "Kidogo." Ndivyo tulivyolelewa kumwambia mkubwa jambo zito: tunalifunga kwenye pamba ili asione tunamfundisha kazi. Kwenye msiba au kwenye posa, lugha hiyo ni hazina. Mbele ya mama anayevuja damu, inampa mkubwa ruhusa ya kujibu "nimeona, tulia". Na asubuhi ile ile binti alimwamkia shikamoo. Si rahisi usiku kumwambia kwamba anachelewa.

Kuna waliolijibu tatizo hili kwa semina za kujiamini. Sioni zikifika mbali. Unamrudisha binti wodini akiwa na cheti cha ujasiri, na utaratibu wa wodi ni uleule. Jibu lililonivutia zaidi lilitoka kwenye utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa 2023 kwa jina la E-MOTIVE, ukihusisha zaidi ya wanawake laki mbili waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kiini chake ni plastiki laini inayotandikwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapotoka, yenye mfuko wa kukingia damu na mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 huku dalili nyingine zikiwa mbaya, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kuchunguza chanzo. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huo, wauguzi walitambua asilimia 93 ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria kwa macho walitambua asilimia 51 tu. Uvujaji mkubwa, upasuaji wa kuokoa maisha na vifo vitokanavyo na kuvuja damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60.

Wataalamu wanautazama mfuko ule kama kipimo. Mimi naona pia kwamba unampa mdogo haki ya kusema. Hahitaji tena kumwambia mkubwa maoni yake, anasoma namba. "Sista Mkubwa, damu imefika mia tano. Nianze oksitosini?" Heshima imebaki palepale, na hakuna "kama" wala "kidogo". Sista anajibu: "Anza. Uniti kumi, kwenye msuli. Ukimaliza niambie." Na baada ya muda mfupi inarudi sauti: "Oksitosini uniti kumi imeingia, saa nane na dakika tano." Mhudumu anaiandika. Hiyo sentensi ya mwisho, ya kurudisha habari, ndiyo inayozuia dawa kutolewa mara mbili au kutotolewa kabisa.

Linganisha na chumba ambamo mkubwa anapaza sauti: "Leteni dripu!" Leteni nani? Wanatoka watatu kwenda stoo, au hatoki mtu. Agizo la dharura linahitaji jina. Na hapo tunakutana na aibu ndogo ya hospitali zetu: usiku mwingi mkubwa hamjui kwa jina kijana anayejitolea, wala dereva aliyemleta mgonjwa na ambaye bado amesimama mlangoni akiwa na mikono miwili mizima.

Jambo la majina lina historia ya kwetu kabisa. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali nane: Seattle, Toronto, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kufanyika kabla ya kisu kugusa ngozi ni kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake. Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ina vipengele vingi na siwezi kusema majina peke yake yalifanya kazi hiyo. Ila anayefungua mdomo mara moja kutaja jina lake, kuufungua mara ya pili kunamwia rahisi.

Nimekuwa nikisema mkubwa na mdogo kana kwamba uzoefu ni ngazi moja. Sivyo. Mkunga wa miaka ishirini anajua kwa kiganja mji wa mimba uliolegea, kitu ambacho kijana atahitaji miaka kukipata. Lakini kijana ndiye aliyetoka chuoni akijua kwamba asidi ya traneksamiki inatakiwa iingie ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, pendekezo ambalo Shirika la Afya Duniani lilitoa 2017, wakati Sista Mkubwa alishakuwa kazini zaidi ya muongo. Mwendesha bodaboda anajua kitu ambacho wote wawili hawakijui: mgonjwa alikuwa anaongea walipompakia na aliacha kuongea walipofika mizani. Anayeongoza timu si lazima awe na mkono mwepesi kuliko wote. Mara nyingi ni afadhali mwenye mkono mwepesi ashike mgonjwa, na mwingine asimame miguuni mwa kitanda, asishike kitu, asikilize wote na kutangaza kila dakika kadhaa tumefika wapi. Uamuzi huo unachukua sekunde tano, na asiyeufanya mapema ataufanya kwa kelele.

Haya hayaji kwa kusomewa. Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara, walilijua hilo kwa njia ngumu. Baada ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakunga walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini walipopimwa kwa watoto halisi hakuna kilichobadilika. Wakabadili mtindo. Badala ya semina, yakaja mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wodini, na marefu kidogo mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Kutoka hapo ukakua mpango mpana wa mazoezi ya timu na vifaa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya watoto wanaokufa wakati wa uchungu au siku ya kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Songwe haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo. Hakuna kinachoizuia kuazima mtindo. Dakika tano za kabla ya kukabidhiana zamu zipo Tunduma kama zilivyo Manyara, na mwanasesere akikosekana, taulo iliyokunjwa inatosha kufanyia zoezi la kugawana kazi.

Kinachozuia watu kusema ni hofu, na hofu hiyo ina anwani. Kila kifo cha uzazi nchini kinatakiwa kujadiliwa katika kikao, na nia ya kikao ni kujua mnyororo ulikatika wapi. Lakini wafanyakazi wameona mara nyingi kiongozi akifika na kamera na kumsimamisha muuguzi kazi mbele ya umati, hata kabla faili halijafunguliwa. Anayesimamishwa karibu siku zote ni mdogo. Baada ya tukio kama hilo, yule binti wa saa nane usiku anajifunza kitu kimoja: ambaye hakusema, hakusikika, na asiyesikika hahojiwi. Wananchi wana haki ya kudai majibu, na mzembe wa kweli yupo na achukuliwe hatua. Ila ukimwadhibu hadharani kila aliyekuwa karibu na kifo, unanunua ukimya wa wodi nzima.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waganga wafawidhi na matroni wa Tunduma, Vwawa, Chitete na Itumba. Kikao cha kwanza kitakachofuata baada ya kifo au baada ya kuponea chupuchupu, anza kwa kumuuliza aliye mdogo kuliko wote chumbani aliona nini na saa ngapi, kabla wewe hujasema lolote. Akimaliza, mshukuru mbele ya wenzake, hata kama alichoona kinakugusa wewe. Muite na dereva.